Miguu ya keji: uchambuzi wa GX100 moja ya Tanga

Gari ni Toyota Mark II GX100, lile la kizazi kilichoanza 1996. Injini yake ya 1G-FE ya lita 2.0 ilitolewa, ikawekwa 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye turbo. Mwenye gari ni kijana mkazi wa Sahare, Tanga, anayejiandaa kwa mbio za dragi za robo maili, yaani mita 402 za kunyooka, gari likianza kutoka kusimama. Gereji iko Mabawa. Keji, yaani kizimba cha mabomba kinachomlinda dereva gari likipinduka, ilikuwa imeshawekwa yote, miguu sita, imepakwa rangi nyekundu, na kilichobaki ni viti. Niliitwa kukagua viungio tu, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha na kukagua uchomeleaji. Ukaguzi uliishia mahali pengine kabisa. Nakiandika kisa chote pamoja na hesabu zake kwa sababu gari hizi zimejaa huku Pwani, na ninachokiogopa zaidi ni kijana kuketi ndani ya keji mbovu akiamini yuko salama.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Ubora wa keji unapimwa kwanza chini ya miguu yake, pale bomba linapokutana na bodi. Gari likipinduka, mzigo wote wa paa unashuka kupitia mabomba hadi miguuni. Mguu ukisimama kwenye bati bovu, bomba hata liwe zuri namna gani litatoboa sakafu, na paa litashuka kumfuata dereva.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililoomba ni zulia litolewe. Fundi mkuu wa gereji, mzee wa makamo ya juu anayeheshimika mtaani kwa kazi yake, alishangaa kidogo, maana viungio vilikuwa juu, mbele ya macho ya kila mtu, tena vinang'aa. Lakini GX100 haina chasisi ya pembeni kama Land Cruiser au Hilux. Bodi yenyewe ndiyo chasisi: mabati yaliyokunjwa na kushikanishwa kwa vidoti vya kuchomelea. Nguvu yake iko kwenye mikunjo na maboksi, hasa lile boksi refu linalopita chini ya milango kila upande, ambalo hapa nitaliita kizingiti. Bati tupu la sakafu, kati ya kizingiti na mgongo wa katikati unaopitisha shafti, ni jembamba, chini ya milimita moja. Ukilikanyaga bila viatu unalisikia likibonyea.

Miguu minne kati ya sita ilikuwa imechomelewa kwenye bati hilo tupu. Bomba limekatwa, likasimamishwa, likazungushiwa weldingi, basi. Miwili ya mbele ilikuwa na kibati cha sentimita 5 kwa 5, nacho kimekaa juu ya lami ya kiwandani ya kuzuia kelele ambayo haikukwanguliwa. Lami ile ilikuwa imeungua na kuacha masizi ndani ya weldingi.

Upande wa kushoto mbele, pale abiria anapoweka miguu, sponji ya zulia ilikuwa bado na maji. Mpira wa kutolea maji ya AC ulikuwa umeziba, maji yakawa yanarudi ndani ya gari. Nilichukua bisibisi nikaisukuma taratibu karibu na kile kibati. Ikapita. Nilipoichomoa, tundu lilionyesha sakafu ya gereji upande wa chini. Rangi ya juu ilikuwa nzima kabisa, haina hata lengelenge. Kutu ilikuwa imekula kutoka chini na kutoka ndani ya mikunjo, ikaliacha bati likiwa na unene wa rangi na ganda jembamba la chuma. Tukapita na nyundo ndogo kwenye kizingiti cha kulia, tukigonga sentimita kwa sentimita. Mbele kilitoa mlio mkavu. Karibu na gurudumu la nyuma mlio ukawa mzito, na tulipotoboa kwa drili yakatoka maji ya kahawia.

Kwa gari la Sahare hili si la kushangaza. Gari linalolala karibu na bahari linapokea chumvi kila usiku. Umande unaingia kwenye maboksi kupitia matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yakizibwa na tope, au na ile dawa nyeusi ya kupaka chini ambayo watu huipaka bila kuangalia, maji ya chumvi yanabaki ndani. Gari hilohilo lingeishi Lushoto lingekuwa na habari nyingine. Maelekezo ya keji yanayoandikwa nchi kavu huanza kwenye bomba. Huku kwetu kazi lazima ianze kwa bisibisi, nyundo na taa, gari likiwa juu ya stendi na zulia likiwa nje.

Sasa hesabu. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, katika kanuni zake za keji limeweka jaribio la kusukuma upinde mkuu, ule unaopita nyuma ya kichwa cha dereva, kutoka juu kwenda chini. Nguvu yake ni mara 7.5 ya uzito wa gari ukiongezewa kilo 150, na upinde hauruhusiwi kuvunjika wala kupinda zaidi ya milimita 50. Chukua gari la kilo 1,400. Ongeza 150, zidisha kwa 7.5, unapata tani 11.6. Ukiugawa mzigo huo sawasawa kwa miguu minne, miwili ya upinde mkuu na miwili ya mihimili ya nyuma, kila mguu unabeba karibu tani 2.9. Katika hali halisi miguu ya upinde mkuu hubeba zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyo wima chini ya mzigo.

Bomba lililotumika lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3. Mzunguko wake ni milimita 152. Likisimama kwenye bati la milimita 0.8, chuma kinachopaswa kukatika ili bomba lipite ni 152 mara 0.8, yaani milimita za mraba 122 hivi. Bati laini la gari nalihesabia nguvu ya kukatika ya nyutoni 200 kwa kila milimita ya mraba. Inatoka kama nyutoni 24,400, tani mbili na nusu. Yaani bati jipya, lisilo na kutu hata chembe, linatobolewa kabla mguu haujafika kwenye mzigo wake wa wastani. Bati tulilolikuta halikuwa jipya.

Ndiyo maana kanuni hizohizo za FIA zinataka chini ya kila mguu wa upinde mkuu na wa mbele kuwe na sahani ya chuma ya unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, na ya mihimili ya nyuma isipungue 60. Sahani ya sentimita 10 kwa 12 ina mzingo wa milimita 440. Hesabu ileile kwenye bati lilelile la 0.8 inatoa zaidi ya tani 7. Bomba halijabadilika, gari halijabadilika, kilichobadilika ni kipande cha chuma ambacho vyuma chakavu vyake vinazagaa kwenye kila gereji ya Tanga. Na ukiipindisha sahani hiyo ili ishike ubavu wa kizingiti pamoja na sakafu, mzigo unaingia kwenye ukuta wa wima wa boksi, na huko ndiko bodi ilikojengewa nguvu.

Nilimwonyesha mzee hesabu hii kwenye kipande cha katoni. Ujana wake ameufanyia kazi karakana za mashamba ya mkonge, kwenye mashine za korona zinazochana majani kutoa nyuzi, na mzigo wa chuma anaujua kuliko wengi wetu. Akaikodolea macho, akasema, "Mwalimu, korona tulikuwa tunaifunga kwenye zege. Hapa nimeletewa gari, nikaona gari ndiyo zege lenyewe."

Kijana akauliza, "Kwa hiyo mzee, tuikate yote?"

"Tuikate, mwanangu. Nimeiweka mimi, naitoa mimi."

Namheshimu sana kwa jibu lile. Wako mafundi ambao wangetetea rangi.

Keji ilipokuwa inakatwa ndipo tukapata nafasi ya kuangalia mengine, na yalikuwa mengi. Bomba lenyewe lilikuwa la maji, linaloitwa la inchi moja na nusu, lile la kijivu lenye zinki. Linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi na lina unene wa kutosha, kwa hiyo mtu huona limefaa. Tatizo lake liko kwenye zinki. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na chuma kinahitaji nyuzi 1,500 hivi ili kiyeyuke. Kabla chuma hakijashikana, zinki imeshageuka mvuke na inatafuta njia ya kutoka kupitia weldingi ambayo bado ni uji. Inaacha matundu. Mvuke huo ukivutwa kifuani unamletea fundi homa ya usiku, mwili kuuma na kutetemeka, na mafundi wengi huinywea maziwa wakidhani yanaitibu. Dawa ni kutoivuta kabisa.

Mikunjo ilifanywa kwa njia ya zamani: bomba linajazwa mchanga, linazibwa kwa mti huku na huku, linapashwa kwa mkaa, linavutwa. Kwa geti au kitanda njia hiyo ni nzuri na ina ufundi wake. Kwa keji, kanuni za FIA zinataka bomba likunjwe likiwa baridi, nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba, na kama bomba limebonyea, upana mdogo ukigawanywa kwa upana mkubwa usipungue 0.9. Tuliweka vania, kifaa cha kupimia kipenyo, kwenye mkunjo wa juu ya kichwa cha dereva: upande mmoja milimita 41, upande wa pili 52. Hiyo ni 0.79. Bomba lililobonyea kiasi hicho limeshaanza kukunjika kabla ya ajali.

Viungio, vile nilivyoitwa kuviangalia, vilikuwa vimesagwa kwa grenda hadi vikawa laini. Hapa nataka nikae kidogo. Mteja wa geti anapitisha kidole kwenye kona, na kona ikiwa laini analipa kwa furaha. Fundi wetu kalelewa na mteja huyo. Kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani kilichoanzishwa na Wally Parks 1951, zinakataza kabisa kusaga weldingi ya keji. Sababu ni mbili. Ukisaga unapunguza unene palepale panapobeba mzigo, na unamfungia mkaguzi kitabu asichoweza tena kukisoma, kwa kuwa umbo la weldingi, mawimbi yake na kingo zake ndivyo vinavyosema kama joto liliingia au lilipita juujuu.

Tulichukua kiungio kimoja, pale bomba la mlangoni lilipokutana na upinde mkuu, tukakikata katikati kwa diski nyembamba. Kwa nje kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kwa ndani, bomba la mlangoni lilikuwa limekatwa bapa na kuegemezwa kwenye bomba la duara. Ncha mbili zimegusa, na katikati pamebaki pengo la karibu sentimita moja. Pengo lile lilikuwa limejazwa vipande vya vijiti vya kuchomelea, vimelala sambamba, vikafunikwa na weldingi juu yake. Baadhi havikuyeyuka hata kidogo. Nilivitikisa kwa ncha ya bisibisi vikatoka vizima. Bomba la keji linapaswa kuchongwa mdomo wa samaki, mkato wa mviringo unaolikumbatia bomba la pili pande zote bila mwanga kupita, halafu weldingi izunguke duara lote. Kiungio kilichokatwa vile nimewaachia gerejini, kiko kwenye kabati la spana, na wanagenzi wanakishika.

Huku mabomba yakitoka, nilimuuliza kijana swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya bomba la kwanza kununuliwa: gari hili linakimbia sekunde ngapi, na unataka likimbie ngapi?

Kanuni za NHRA, ambazo waandaaji wengi wa dragi nje ya Marekani huziazima, zinapanga mahitaji kwa muda wa robo maili. Gari la kawaida lenye paa likikimbia kati ya sekunde 11.49 na 10.00, linatakiwa upinde mmoja wa nyuma pamoja na mihimili yake. Likishuka hadi 9.99 au kupita maili 135 kwa saa, kama kilomita 217, ndipo keji kamili inakuwa lazima, ingawa kwa magari ya kiwandani ya miaka ya karibuni mipaka hiyo imelegezwa. 1JZ-GTE kama ilivyotoka kiwandani ina nguvu farasi 280. Kwa uzito wa gari hili, makadirio ya kawaida ya uzito kwa nguvu yanaipa sekunde 13 hadi 14. Kijana anapanga turbo kubwa zaidi, akifikiria farasi 450 kwenye magurudumu. Hapo makadirio yanashuka hadi sekunde 11.3 hivi. Kwa hiyo hata ndoto yake ikitimia yote, inaangukia kwenye upinde mmoja wenye miguu minne. Keji ya miguu sita haikuhitajika.

Na haikuwa tu ya ziada. Gari hili ndilo analokwendea kazini. Ndilo linalompeleka Segera na Korogwe. Mabomba ya mbele yalipita kando ya nguzo ya kioo, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye paji la uso. Dereva wa mbio amevaa helmeti na amefungwa mikanda inayomgandisha kitini. Dereva wa Jumatatu asubuhi hana helmeti, na mkanda wa kawaida unamruhusu kichwa kwenda mbele na pembeni. Akigongwa ubavuni kwenye mzunguko wa kawaida tu wa mjini, fuvu linakutana na chuma. Mabomba yale yalikuwa yamevishwa ile sponji nyeusi ya mafundi AC, ya kuzuia bomba lisitoe jasho. Ukiibana kwa vidole viwili inaisha. Sponji ya keji ni ngumu, haibonyei kwa vidole, imepimwa kwa viwango kama SFI 45.1 (SFI ni taasisi ya Marekani ya viwango vya vifaa vya mbio) au FIA 8857-2001, na hata hiyo imetengenezwa kwa ajili ya helmeti. Kichwa kitupu ni habari nyingine. Kwa gari la kila siku lililo chini ya mahitaji ya keji, naona keji kamili inamwongezea mtu hatari kila siku ili impunguzie hatari siku chache za mwaka.

Uamuzi ukawa huu: upinde mkuu mmoja, mihimili miwili ya nyuma, bomba la mshazari, bomba la kufungia mikanda, na bomba moja la mlango wa dereva. Miguu minne, yote ikiwa imara. Keji ya zamani ilikula mabomba manne ya mita sita, kama kilo 85. Upinde mpya haufiki hata kilo 40, na kwenye dragi kilo zinazopungua ni muda unaopungua.

Bomba tuliagiza Dar es Salaam: lisilo na mshono, lililovutwa baridi, milimita 45 kwa unene wa milimita 3, likiwa na cheti cha kiwanda. NHRA wanataka upinde wa chuma cha kawaida usipungue inchi 1¾ kwa inchi 0.118, sawa na milimita 44.5 kwa 3. FIA, ambayo hapa nchini inawakilishwa na AAT, chama cha magari cha Tanzania, wanataka upinde mkuu usipungue 45 kwa 2.5, bila mshono. Bomba moja likatosheleza vipimo vya pande zote mbili. Likakunjwa hukohuko Dar kwa mashine inayolizungusha bomba kwenye kiatu cha saizi yake. Ile ya haidroliki ya mafundi bomba, inayosukuma kutoka katikati, hubonyeza.

Lakini kabla ya bomba kukunjwa, kijana aliketi kwenye kiti cha mbio kilichofungwa mahali pake, helmeti kichwani, mlango umefungwa. Vipimo vyote vilitoka kwake. Juu ya upinde pasipungue inchi 3 kutoka kwenye helmeti, na upinde usiwe mbali na kichwa zaidi ya inchi 6. Paa la GX100 ni la chini, ikabidi kiti kishushwe. Bomba la mlangoni lilipangwa lipite katikati ya bega na kiwiko chake. Anayenunua keji iliyokatwa tayari kwa vipimo vya mtu mwingine anajinyima hatua hii.

Sakafu ndiyo iliyokula muda mrefu. Bati bovu lilikatwa hadi kwenye chuma kinachong'aa, pasipo huruma. Kizingiti cha kulia kilifunguliwa ubavu, kikasafishwa ndani kwa brashi ya waya, kikawekewa bati jipya la milimita 1.2 kwa ndani na kufungwa, na matundu yake ya maji yakafunguliwa. Juu yake mzee alijenga vijiboksi viwili vya sahani ya milimita 3, kimoja kila upande. Vinakaa pale sakafu inapokutana na kizingiti, vimeshika vyote viwili, na eneo lake linapita mahitaji ya sentimita za mraba 120.

Vijiboksi hivyo vilitatua pia shida nyingine inayowashinda wengi. Upinde unapita karibu sana na paa, kiasi kwamba mkono na tochi ya kuchomelea havifiki upande wa juu wa viungio. Ndiyo maana keji nyingi huwa na weldingi robo tatu tu ya duara, na robo iliyobaki inafichwa na paa. Ukijenga vijiboksi, unashikiza keji yote kwa vidoti ikiwa mahali pake, kisha unavitoa vijiboksi, unaishusha keji hadi sakafuni, na ghafla juu ya viungio pana nafasi ya mkono. Unamaliza duara lote, unainua keji, unarudisha vijiboksi chini yake, unavichomelea. Mzee alipoelewa hatua hii uso wake ulibadilika. Akaipanga kazi nzima mwenyewe, mimi nikabaki kushika taa.

Kuchomelea tulitumia MIG, mashine inayolisha waya yenyewe huku gesi ikikinga weldingi, kwa sababu NHRA kwa chuma cha kawaida wanakubali MIG au TIG tu, TIG ikiwa ile ya sindano ya tangsteni na gesi. Mzee alitaka vijiti, kwa kuwa ndivyo anavyovijua. Tulichomelea vipande vya majaribio kutoka kwenye mabaki ya bomba, tukavikata, tukaviangalia. Vipande vya kwanza vya MIG vilijaa matundu. Mashine ilikuwa nzima. Upepo wa bahari ulikuwa unaingia gerejini kila adhuhuri na kuipeperusha gesi inayokinga weldingi. Gereji zetu nyingi hazina ukuta upande mmoja. Tukatundika maturubai pande zote, kazi ya viungio ikawa inafanywa asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na matundu yakaisha. Waya za betri zilikuwa zimetolewa zote mbili, kompyuta ya gari imechomolewa, vioo vimefunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili cheche zisiving'ate. Bomba za mafuta na breki zinazopita chini ya sakafu zilisogezwa, na kijana mmoja alisimama nje na kizima moto, kazi yake ikiwa kuangalia chini ya gari tu. Lami iliyoko upande wa pili wa bati huwaka bila kumwambia anayechomelea.

Niliporudi kukagua, weldingi zilikuwa zimeachwa kama zilivyotoka, zimepigwa brashi tu. Tulipaka wino mwekundu wa kupenyeza kwenye kila kiungio, tukafuta, tukapaka poda nyeupe, tukasubiri. Kiungio kimoja cha mshazari kilitoa mstari mwembamba mwekundu penye mwisho wa weldingi, ufa wa pale fundi alipoachia mkono haraka. Kikachimbwa na kurudiwa. Vingine vilibaki vyeupe. Picha za kila kiungio zimehifadhiwa pamoja na cheti cha bomba, na chuma kimepakwa praima nyembamba isiyoficha umbo, ili mkaguzi wa mbio aone mwenyewe. Ndani ya vizingiti imepulizwa nta, na mzee amemwagiza kijana afungue matundu ya maji kwa waya kila masika yanapoisha.

Kiti cha nyuma kimetoka na hakirudi, maana mihimili ya nyuma inapita palepale abiria anapoweka kichwa. Kijana alikuwa akimpeleka mama yake kliniki kwa gari hili, na tumekubaliana kwamba hakuna tena mtu wa kuketi nyuma, hata kwa safari ya kutoka Sahare hadi Ngamiani. Kampuni yake ya bima ameipa taarifa ya mabadiliko yote kwa maandishi. Turbo kubwa haifungwi hadi mikanda ya mbio ifike. Mikanda aliyoletewa na rafiki ilikuwa na lebo ya SFI 16.1 iliyopita miaka miwili yake ya matumizi, na tumeikataa.